Mzee Smith na Mmea Uliomfukuzisha Kazi

Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Roseburg, jimbo la Oregon, Marekani, mzee mmoja wa miaka sitini na kitu alifukuzwa kazi kwa sababu ya kitu alichokula kwenye ibada. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia walevi waache pombe. Na aliijua vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa mlevi aliyebobea mpaka mwaka 1957 alipoiweka chupa chini, na hakuigusa tena.

Jina lake Alfred Smith, watu wakimwita Al. Jina ni la kizungu lakini yeye ni Mklamath, mmoja wa wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu. Nilikutana naye kwenye kitabu cha Garrett Epps, *To an Unknown God*, kilichotoka mwaka 2001. Epps alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa profesa wa sheria, na inaonekana: anamfuata mtu kwanza, kesi baadaye. Nilikifungua nikitafuta mambo ya mahakama, nikajikuta natafuta mambo ya mzee huyu.

Namwandikia leo kwa sababu ya kelele ninazozisikia. Miaka hii kila ukifungua gazeti la Ulaya au Marekani unakuta habari za dawa za saikedeliki, yaani zile zinazobadili fahamu: uyoga, LSD, MDMA. Eti zinatibu sonona, zinatibu majeraha ya vita, zinasaidia watu kuacha pombe. Na hadithi huanzia palepale siku zote: mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, tarehe 19 Aprili 1943, ameonja robo ya miligramu ya LSD kwenye maabara ya kampuni ya Sandoz mjini Basel, anarudi nyumbani kwa baiskeli huku dunia inayeyuka. Hadithi tamu, na ya kweli. Ila ukianzia hapo, utadhani jambo hili ni mali ya wazungu wenye makoti meupe. Utamkosa Al Smith. Na swali lake ndilo gumu kuliko yote: hivi akili yangu ni ya nani? Ni yangu, ya daktari wangu, ya watu wangu, au ya serikali?

Mmea wenyewe unaitwa peyote. Ni dungusi mdogo asiye na miiba, umbo kama kifungo cha koti, anayeota kusini mwa Texas na kaskazini mwa Meksiko. Wanaakiolojia wameokota vipande vyake kwenye mapango ya Texas, wakavipima, vikaonekana vina zaidi ya miaka 5,000. Ndani yake mna meskalini, ambayo Mjerumani Arthur Heffter aliitenga mwaka 1897. Ni chungu ajabu. Anayemla kwa mara ya kwanza mara nyingi hutapika kabla hajaona chochote. Na marufuku yake ni ya zamani pia: mwaka 1620 mahakama ya Kanisa ya kuwahukumu wazushi, huko Meksiko, iliutangaza kuwa haramu. Miaka mia nne ya marufuku, na mmea bado upo.

Mwishoni mwa karne ya 19 peyote alipanda kaskazini, na alipanda wakati mbaya. Wenyeji wa nchi ile walikuwa wameshindwa vita, wamefungiwa kwenye maeneo ya hifadhi, nyati wamekwisha, watoto wanachukuliwa kupelekwa shule za bweni ili wasahau lugha zao. (Wasomaji ambao wazazi wao walivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea kilugha shuleni, hapa hamhitaji maelezo.) Chifu Quanah Parker wa Wakomanche alikuwa mmoja wa waliousambaza. Ibada ikawa mchanganyiko wa ya kale na Ukristo: mkesha ndani ya hema, moto katikati, kilima cha udongo chenye umbo la mwezi mwandamo, ngoma yenye maji ndani yake, manyanga, nyimbo hadi alfajiri, kisha maji na chakula cha pamoja. Pombe haitakiwi kabisa. Hili la pombe ndilo linanigusa zaidi, maana watu hawa walikuwa wanakufa kwa pombe, na ibada hii ikawa mahali pa kwanza ambapo mtu aliweza kuiacha bila kumwacha babu yake.

Mwaka 1918 wabunge mjini Washington walikuwa wanajadili kuupiga marufuku mmea huu nchi nzima. Mtafiti James Mooney, aliyekuwa mwajiriwa wa Taasisi ya Smithsonian, akawashauri wenyeji wajiandikishe kisheria kama kanisa, kwa kuwa katiba inalinda dini. Wakafanya hivyo mwaka huohuo huko Oklahoma: Native American Church. Ujanja wa halali kabisa. Nchi inayokuambia mila yako ni ushenzi, unaijibu kwa kujaza fomu zake.

Sasa tuvuke mpaka, twende Kanada, jimbo la Saskatchewan. Hapa kuna daktari Mwingereza, Humphry Osmond, aliyehamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Weyburn mwaka 1951. Jengo kubwa, limejaa kupita kiasi, wagonjwa wengine wamekaa humo miaka na miaka. Osmond ndiye aliyempa mwandishi Aldous Huxley meskalini mwezi Mei 1953, na mwaka uliofuata Huxley akatoa *The Doors of Perception*. Katika barua kwa Huxley mwaka 1956 ndipo Osmond alipolibuni neno ambalo leo tunalitohoa kuwa saikedeliki. Yeye na mwenzake Abram Hoffer waliwatibu walevi sugu kwa dozi moja kubwa ya LSD. Awali walidhani maruweruwe yatamtisha mlevi kama anavyotishwa na wenge la kuacha pombe. Kumbe wagonjwa walikuwa wanatoka wakisema mambo mengine: kwamba wamejiona, wamesamehe, wamesamehewa. Basi madaktari wakabadilisha chumba. Wakaweka viti vizuri, muziki, mtu wa kukaa na mgonjwa siku nzima. Na wao wenyewe waliionja dawa kwanza, ili wajue wanampeleka mgonjwa wapi. Hoffer na Osmond walidai kwamba karibu nusu ya wagonjwa wao waliacha pombe au waliipunguza sana.

Kuna jambo moja la Weyburn nalipenda mno. Mbunifu wa majengo, Kiyoshi Izumi, alipopewa kazi ya kuchora hospitali mpya za akili, aliinywa LSD na kutembea ndani ya hospitali ya zamani ili aone anachokiona mgonjwa. Akaona korido zisizo na mwisho, vigae vinavyomeremeta na kutisha, kabati za ukutani zilizo kama mapango. Michoro ya hospitali ya Yorkton ilizaliwa humo. Niambieni, ni mbunifu gani wa hospitali zetu amewahi hata kulala wodini usiku mmoja?

Lakini turudi kwenye peyote, maana mwaka huohuo 1956 serikali ya Kanada nayo ilikuwa inafikiria kuupiga marufuku. Viongozi wa kanisa lile, akiwemo rais wao Frank Takes Gun, waliwaalika Osmond na Hoffer kuja kushuhudia ibada kwa macho yao karibu na North Battleford. Mwezi Oktoba wakaenda. Wenzake walikaa kama watazamaji, Osmond akala mmea. Mtazame basi: daktari wa akili, msomi wa London, amekaa chini kwenye hema usiku kucha, ngoma inalia, baridi ya Oktoba ya Kanada, na wanaomwongoza ni watu ambao serikali yake iliwahesabu kama watoto. Usiku ule mtaalamu hakuwa yeye. Madaktari walitoka wakisema hawaoni sababu ya kuizuia ibada ile.

Dada yake Hoffer, Fannie Kahan, akaandaa kitabu kizima kuitetea. Wachapishaji wakakikataa. Kikalala kwenye makaratasi zaidi ya nusu karne mpaka mwanahistoria Erika Dyck wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan alipokihariri kikatoka mwaka 2016, jina *A Culture's Catalyst*. Nakitaja kwa sababu historia ya dawa hizi imejaa miswada ya namna hii, iliyokataliwa si kwa kuandikwa vibaya bali kwa sababu ya wanaozungumzwa ndani yake.

Je, tiba ya Weyburn ilifanya kazi kweli? Wakosoaji wa Toronto walijaribu kuipima kisayansi, wakaondoa kila kilichoonekana ni mapambo: baadhi ya wagonjwa walifungwa vitambaa machoni, wakafungwa mikanda kitandani, wakapewa LSD. Matokeo yakawa hafifu, wakatangaza dawa haina kitu. Hebu nawe fikiria umefungwa kitandani huku akili inafunguka kama mlango uliong'olewa bawaba. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, watafiti wawili huko Norway walikusanya majaribio sita ya zamani, jumla ya watu 536. Waliopata LSD, asilimia 59 walionyesha nafuu katika unywaji wao. Wa kundi la kulinganisha, asilimia 38. Si muujiza, na baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa imefifia. Lakini si bure pia. Dawa ngapi za kuacha pombe zinafika hapo kwa dozi moja?

Hapa ndipo wapenzi wa saikedeliki hupenda kusimama na kusema: mnaona? Halafu serikali ikaja ikaharibu. Mimi sisimami hapo, kwa sababu ya Lexington.

Lexington, Kentucky, kulikuwa na taasisi ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1935, nusu hospitali nusu gereza, kwa ajili ya waraibu wa heroini na mofini. Miaka ya 1950, wakati Osmond anapanga viti na muziki kule Weyburn, daktari Harris Isbell hapa Lexington alikuwa anawapa wafungwa LSD, wengi wao wanaume Weusi. Wengine aliwapa siku 77 mfululizo. Fedha zilikuwa zinatoka CIA kwa mlango wa nyuma. Wafungwa walisaini fomu za ridhaa, ndiyo. Na malipo yao? Dawa zilezile zilizowafikisha gerezani, au kupunguziwa siku za kifungo. Mraibu wa heroini anaulizwa: unakubali kujaribiwa, tukupe heroini? Mtu atasema alikubali. Sheria itasema alikubali.

Huo ulikuwa mradi wa MKUltra, ulioanza mwaka 1953. Mwezi Novemba mwaka huo mwanasayansi wa jeshi, Frank Olson, aliwekewa LSD kwenye kinywaji bila kuambiwa. Siku chache baadaye akaanguka kutoka dirisha la hoteli New York, akafa. Familia iliambiwa ukweli wa kinywaji kile mwaka 1975. Majalada mengi ya mradi yalikuwa yameshateketezwa mwaka 1973 kwa amri ya mkuu wa CIA, Richard Helms.

Kwa hiyo ukiniuliza adui wa uhuru ni nani katika hadithi hii, siwezi kukujibu kirahisi kwamba ni aliyepiga marufuku. Kuna aliyemnyima mtu dawa, na kuna aliyemlazimisha. Wakati mwingine ni serikali ileile, muongo uleule.

Naomba niseme kitu cha nyumbani. Miaka michache iliyopita binamu yangu alichukuliwa usiku na vijana wanne, akaingizwa kwenye gari na kupelekwa soba hausi nje ya mji. Alikuwa anatumia heroini, ameshauza vitu vya ndani karibu vyote. Ukoo ulichanga, nami nilichanga. Nilimwuliza shangazi kama yeye mwenyewe amekubali kwenda. Shangazi akanitazama kama nimesema Kichina. "Mwanangu," akasema, "mtu anayezama haulizwi." Binamu alikaa kule miezi minne, wiki mbili za mwanzo akiwa amefungwa mnyororo mguuni. Leo hatumii chochote, anaendesha bajaji, ana mtoto. Na hajaongea na mama yake tangu siku ile. Sijui niiweke wapi hesabu hiyo. Shangazi hajutii. Binamu hasamehi. Wote wawili nikiwasikiliza naona wana haki, na ndiyo maana watu wanaoongelea uhuru wa mraibu kwa sauti ya juu, wa upande wowote, hunichosha haraka.

Marufuku yenyewe nitaipita upesi, maana inajulikana. LSD ilitoka maabara ikaingia mitaani. California ikaiharamisha mwaka 1966. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 ikaiweka kundi la kwanza pamoja na peyote na heroini, yaani vitu visivyo na matumizi ya tiba. Na Februari 1971, mjini Vienna, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa dunia ambao hata sisi Tanzania tumo. Utafiti ukakauka. Ila mkataba ule una kijidirisha: ibara ya 32 inaruhusu nchi kuweka akiba kwa mimea inayoota porini na kutumiwa kijadi na vikundi vidogo, vinavyojulikana wazi, katika ibada zao. Marekani nayo ilikuwa na msamaha wa shirikisho kwa kanisa la peyote. Karibu nusu ya majimbo yalikuwa na msamaha kama huo. Oregon haikuwa nao.

Sasa tunarudi Roseburg.

Al Smith alizaliwa mwaka 1919. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa shule ya bweni ya Wakatoliki. Akakua bila lugha yake, akawa mlevi wa kulala mitaani. Mwaka 1954 Bunge la Marekani likafuta utambulisho wa kabila lake zima: kisheria, Waklamath wakawa hawapo. Miaka mitatu baadaye akaacha pombe. Baada ya hapo akazunguka miaka mingi akianzisha na kusaidia programu za kuacha pombe kwa wenyeji, na huko ndiko alikorudishiwa kidogo kidogo vitu vya wazee wake. Peyote hakuwa mila ya Waklamath. Aliukuta kwa watu wengine, uzeeni. Nauona kama ukoo wa hiari.

Kituo cha Roseburg kilimwajiri kwa ajili ya wateja wenyeji. Hapo alikuwepo pia Galen Black, mshauri nasaha mwenzake, mzungu, naye mlevi aliyeacha. Black alivutiwa na ibada, mwaka 1983 akaenda, akala mmea, akafukuzwa. Smith akaonywa: ukila na wewe, unaondoka. Mwezi Machi 1984 ukatokea mkesha. Akaenda. Jumatatu akaulizwa kama amekula. Angeweza kusema hapana; hakuna kipimo kilichochukuliwa. Akasema ndiyo.

Kituo kilikuwa na hoja, tuwe wakweli. Falsafa yao ilikuwa kuacha kila kileo, moja kwa moja, bila mjadala. Mshauri anayekula kitu cha kubadili fahamu anawachanganya wateja. Ninachoshindwa kumeza ni mpangilio wa mambo: taasisi ya kuacha pombe inamfukuza mtu aliyekaa bila pombe miaka 27, kwa kosa la kuhudhuria ibada ambayo watu wake wanaitumia kuachia pombe.

Smith na Black wakaomba mafao ya kukosa kazi. Wakanyimwa, wakaambiwa ni utovu wa nidhamu kazini. Wakafungua kesi. Jimbo la Oregon halikuwahi kuwashtaki kwa jinai hata siku moja. Ugomvi wote, mpaka Washington, ulikuwa wa mafao. Mahakama ya Juu ya Oregon ikawapa haki. Jimbo likakata rufaa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikarudishwa, ikapanda tena.

Kabla ya mara ya pili, viongozi wa Native American Church na mawakili wa haki za wenyeji walimjia Smith wakimwomba aiache. Hofu yao ilikuwa ya haki: akishindwa, watashindwa wote, nchi nzima, hata wale wenye msamaha wa jimbo. Mtu mmoja atake uhuru wake, kanisa la maelfu lilipe. Smith aliyumba. Kwa muda ilionekana atakubali. Epps anasimulia kwamba kilichomrudisha ni watoto wake wadogo. Hakutaka wakue wakiambiwa baba yenu ndiye aliyeuza kesi. Akaendelea.

Tarehe 17 Aprili 1990 akashindwa, majaji sita kwa watatu. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba sheria ikiwa ni ya watu wote, haikulenga dini fulani, basi katiba haimwondolei mtu wajibu wa kuitii kwa sababu ya imani yake. Vinginevyo kila mtu atakuwa na sheria yake. Akakiri kwamba kwa utaratibu huo dini ndogo zitaumia zaidi, kwa kuwa hazina kura. Jaji Harry Blackmun, akiungwa mkono na Brennan na Marshall, akapinga. Akakumbusha kwamba enzi Marekani ilipopiga marufuku pombe, divai ya misa iliruhusiwa. Akasema peyote ni chungu mno kuwa starehe, na kwamba kanisa lile limesaidia watu kupambana na ulevi. Ukizisoma hukumu hizo mbili moja baada ya nyingine utaona Scalia ana mantiki iliyopangika na Blackmun ana ukweli wa mambo. Namchagua Blackmun.

Kilichofuata hakuna aliyekitegemea. Makanisa makubwa yakashtuka: kumbe leo wenyeji, kesho sisi. Oregon ikabadilisha sheria yake mwaka 1991. Mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria ya kurejesha uhuru wa dini, Clinton akasaini. Mwaka 1994 ikaja sheria mahsusi: Mhindi wa kabila linalotambuliwa na shirikisho anaruhusiwa peyote kwa ibada. Mzee aliyeshindwa aliwafungulia mlango walioogopa kushindwa pamoja naye. (Waklamath wenyewe walikuwa wamerudishiwa utambulisho mwaka 1986, laiti sivyo sheria hiyo isingemhusu hata yeye.)

Ila soma tena maneno hayo: *Mhindi wa kabila linalotambuliwa*. Galen Black hayumo. Walikula mmea uleule, wakafukuzwa na ofisi ileile, wakashindwa siku ileile kwa hukumu ileile yenye majina yao. Uhuru uliopatikana ni wa watu, si wa mtu. Sisemi ni vibaya. Kanisa lile liliutolea jasho kwa karne nzima, Black aliujua kwa mwaka mmoja. Lakini anayetafuta kwenye hadithi hii ule uhuru wa mtu binafsi juu ya akili yake, wa kila mtu, asijidanganye. Haumo.

Uhuru wa namna hiyo ulikuja Oregon kwa njia nyingine. Tarehe 3 Novemba 2020, wapiga kura wa jimbo lilelile lililomnyima Smith mafao waliruhusu vituo vya kutoa silosaibini, dawa iliyomo kwenye uyoga, kwa mtu yeyote mwenye miaka 21 na kuendelea. Huhitaji kuwa mgonjwa, wala kabila, wala dini. Unahitaji pesa: vituo vilipoanza mwaka 2023, siku moja iligharimu zaidi ya dola elfu moja, pengine mara mbili au tatu yake. Smith alikufa Novemba 2014, ana miaka 95, hakuiona siku hiyo.

Na kivuli cha Lexington hakijaondoka kabisa. Mwezi Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA kutibu kiwewe. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kitaalamu, juu ya ubora wa majaribio. Lakini wengi tulikuwa tumeshasoma habari za mgonjwa mmoja wa majaribio hayo huko Kanada, aliyeonekana kwenye video akiwa amekumbatiwa na kushikiliwa kitandani na watu waliopaswa kumtibu. Alikuwa amesaini fomu. Ukishaimeza dawa, unayeombwa ridhaa si wewe uliyesaini asubuhi.

Peyote naye ana habari zake. Huchukua miaka kumi na zaidi kukomaa porini, na mashamba ya Texas yanazidi kupungua. Mwaka 2019 madiwani wa Oakland, California, waliamua polisi wasihangaike na mimea ya kubadili fahamu, na miji mingine ikaiga. Vijana wakashangilia. Mwezi Machi 2020 viongozi wa makanisa ya peyote wakatoa tamko wakiwaomba wanaharakati hao jambo moja: mmea wetu utoeni kwenye orodha yenu. Colorado, ilipopiga kura yake mwaka 2022, iliwasikiliza. Meskalini iliruhusiwa, ya peyote haikuruhusiwa. Kwa hiyo watu waliodai miaka mia moja waruhusiwe ndio leo wanaoomba zuio libaki, kwa wengine.

Texas, ambako mmea unaota, wapo wavunaji wachache sana wenye leseni ya serikali. Wanachimba, wanakausha, wanauza kwa waumini tu. Na sheria ya jimbo inamtaka mnunuzi awe na damu ya Kihindi isiyopungua robo. Mtoto wa muumini aliyeoa nje mara moja bado anapita. Mjukuu, inategemea.